Kujifunza ususi Kigoma: mafunjo ya Nguruka, ukindu wa Ujiji, vikapu vya Kasulu

Safari hii ilifanyika mwezi wa saba, na simulizi imeandikwa baada ya kurudi nyumbani, kwa kufuata daftari na picha za simu. Bei zilizomo ni zile tulizolipa sisi, kwa hiyo zichukuliwe kama pa kuanzia mazungumzo tu.

Mwezi wa saba haukuchaguliwa kwa ajili ya barabara. Ulichaguliwa kwa ajili ya jua. Kati ya Juni na Septemba Kigoma haina mvua ya maana, na malighafi karibu yote ya ususi huvunwa mabichi na kuanikwa nje. Ukija Machi utawakuta mafundi wapo, lakini watakufundisha kwa ukindu wa mwaka jana, na nusu ya kazi hutaiona. Nusu hiyo ndiyo ngumu. Vidole huzoea haraka kusuka. Kujua jani lipi likatwe, lianikwe siku ngapi na liloweshwe kiasi gani ndiko vikapu vingi vinakoharibikia.

Jumamosi: Tabora hadi Nguruka

Basi liliondoka Tabora alfajiri, likapita Urambo na Kaliua bila la kusimulia. Mbele ya Kaliua tairi la nyuma likapasuka, na jeki ya basi ikagoma kupanda. Tulikaa porini zaidi ya saa mbili. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka karanga mbichi Uvinza alifungua gunia akagawia basi zima, akakataa hata shilingi. Lori la mkaa ndilo lililotuazima jeki.

Nguruka ni mji mdogo wa reli na samaki. Gesti safi 15,000, maji ya kuoga kwa ndoo. Beba fedha taslimu za siku mbili, kwa sababu wakala akiishiwa noti jioni utasubiri mpaka kesho.

Jumapili: mafunjo

Watu wengi hudhani mkeka wa mafunjo, mimea mirefu ya kinamasi, unasukwa. Hausukwi, unashonwa: mabua yanalazwa sambamba, kisha kamba inapitishwa katikati yake kwa sindano ndefu. Kwa hiyo ni somo zuri la kwanza. Mkono hauhitaji ujuzi mkubwa, na akili yote inabaki kwenye mabua.

Mafunjo hukatwa kwenye mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo yamo kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu, tangu mwaka 2000, eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,500, na sehemu yake ni pori la akiba. Usiingie na panga lako tu. Tulianzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, akatukabidhi kwa mzee mwenye mtumbwi, 10,000 kwa kila mtu. Mamba na viboko wapo, kwa hiyo mtu asiye mwenyeji haingii majini. Anabaki mtumbwini akipokea mabua.

Bua linalofaa ni lile ambalo shungi lake la juu limeshafunguka lote na bado ni kijani. Lililofungana bado ni changa, likikauka linanywea na kuacha pengo kwenye mkeka. Lililoanza kuwa kahawia linavunjika. Kata juu ya usawa wa maji, usiling'oe, maana mzizi ukibaki unachipua tena. Mzee alikuwa akiruka vichaka viwili na kukata kimoja. Tulipomuuliza sababu, alijibu kwa ufupi: "Mwakani nitakuja tena, wanangu."

Kwa mkeka wa mita 2 kwa 1.2 hesabu ni hii. Bua likishakauka na kukandamizwa lina upana wa karibu sentimita 2, kwa hiyo unahitaji vipande 100 vya mita 1.2. Bua moja refu hutoa vipande viwili, mara nyingine vitatu. Kata mabua 50 na mengine kama 10 ya akiba.

Kuanika: tandaza safu moja tu, siku 4 hadi 7, ukigeuza kila mchana. Yakilundikwa, ya chini yanaingia ukungu. Kipimo cha ukavu ni kulikunja bua kidogo: likitoa maji bado, likipasuka limezidi. Yaliyozidi hayatupwi. Yaache nje usiku mmoja yapate umande, ushone asubuhi kabla jua halijawa kali. Ndiyo sababu kina mama wa hapa hushona kuanzia saa kumi na mbili na kufunga saa nne.

Sindano inatengenezwa kwa spoku ya baiskeli: ncha moja inanolewa, nyingine inapondwa bapa kwa nyundo na kutobolewa tundu. Kamba ni ganda la nje la mafunjo lililosokotwa mapajani, nyuzi mbili zikisokotwa kulia kila moja, kisha zikipindwa pamoja kushoto ili zishikane. Siku hizi wengi hutumia nyuzi za nyavu chakavu. Ni imara kuliko bua lenyewe, na hapo ndipo shida ilipo: ukivuta sana, nailoni inakata bua. Kamba ya ganda hukatika yenyewe kwanza, na kuiunga ni kazi ya dakika moja.

Mistari ya kushona iachane sentimita 15, yaani mistari minane au tisa. Kosa la kila anayeanza ni kulaza mabua yote shina upande mmoja. Shina ni nene kuliko ncha, kwa hiyo kufikia bua la thelathini upande mmoja umekuwa mrefu na mkeka unakunja kona. Pishanisha: shina kulia, linalofuata shina kushoto.

Mafunzo ya siku nzima 20,000 kwa wawili, chakula ndani yake: ugali na samaki wa kuchoma, na asali kwenye kikombe baada ya chakula.

Jumatatu: Nguruka, Uvinza, Kigoma mjini

Uvinza tulinunua chumvi, kwa sababu ndiyo chumvi ya hapo na kwa sababu tungeihitaji kwenye rangi. Kigoma tulifika mchana. Ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa Tanganyika, wa kukaanga kwa mama lishe karibu na soko la Mwanga, 5,000. Mengine ya siku hiyo ni kufua na kulala.

Jumanne hadi Alhamisi: Ujiji

Daladala za Mwanga kwenda Ujiji zipo wakati wote na ni bei ya mjini. Watalii hushukia kwenye makumbusho ya mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Sisi tulishukia kwenye kibaraza cha nyumba ya bibi mmoja ambapo kina mama tisa husuka pamoja. Ada ilikuwa 60,000 kwa mtu kwa siku tatu, malighafi ndani. Vua viatu kabla ya kukanyaga mkeka, toa shikamoo kwa kila mmoja kwa zamu, na usivuke juu ya ukili, yaani mkanda wa ukindu uliosukwa, uliotandazwa chini. Hakuna atakayekukaripia, ila utaona nyuso.

Ukindu ni jani la mkindu, mtende pori unaoota kwenye mabonde yenye unyevu. Kikundi hiki huupata bonde la mto Luiche. Linalokatwa ni kuti changa ambalo bado halijafunguka, limesimama katikati wima. Kuti lililofunguka limeshakuwa kijani na gumu, linafaa ufagio. Mkindu huota kwa kichaka chenye mashina mengi, na kanuni ni kuti moja kwa kila shina, kisha shina hilo linaachwa mpaka jipya lichomoze. Vaa mikono mirefu, kwani vijani vya chini kwenye kuti ni miiba mitupu.

Majani yanavuliwa kutoka kwenye uti, yanafungwa mafungu ya ukubwa wa kiganja, yanaanikwa jua kali siku 3 hadi 5. Umande wa usiku unayafanya yawe meupe, mvua inayatia madoa meusi. Wingu likitanda, ingiza ndani.

Kisha kuchana. Kikundi kina kijibao chenye sindano mbili zilizopigiliwa zikiachana milimita 5: unabonyeza jani, unavuta, unapata mwaa, yaani kipande chembamba cha jani, wa upana ule ule kila mara. Wazoefu huchana kwa ukucha. Mgeni atumie kijibao, maana miyaa ikipishana upana hata milimita moja, ukili unapinda upande na hakuna ushonaji utakaounyoosha.

Tulisuka ukili wa miyaa 13, mbili juu mbili chini. Namba haigawanyiki kwa mbili kwa sababu ya kazi yenyewe: wakati wowote miyaa 7 inaelekea upande mmoja na 6 upande mwingine. Unakunja wa pembeni kutoka upande wenye 7, unaupitisha ndani, sasa upande wa pili una 7. Zamu inabadilika. Ukihesabu ukakuta 8 na 5, umeruka mkunjo mmoja. Fumua mpaka pale, usijaribu kufidia mbele. Bibi alikuwa akitazama ukili wetu kutoka upande wa pili wa kibaraza na kusema "nane hiyo" kabla sisi hatujahesabu.

Miyaa 13 ya milimita 5 inatoa ukili wa upana wa sentimita nne na nusu hivi. Kikapu chenye mdomo wa mzunguko wa sentimita 90 na kina cha sentimita 35 kinahitaji mizunguko 8, yaani mita 7 na kitu. Suka 8. Kwa kuwa mwaa unakwenda mshazari, mita 8 za ukili hula karibu mita 150 za miyaa. Kila mwaa una sentimita 35 hivi, na sehemu inapotea kwenye maungio, kwa hiyo andaa miyaa 500 hadi 600. Msukaji anayeketi bila hesabu hii huishiwa katikati, na fungu jipya huwa na weupe tofauti.

Kulowesha ni dakika 10 hadi 15, kisha unafunga kwenye kanga mbichi na kuchomoa michache michache. Ukiacha fungu kwenye beseni kutwa nzima, linavimba. Ukili utaonekana umebana vizuri, halafu ukikauka unalegea na mwanga unapenya. Kwa sababu hiyo hiyo, ukili ukishasukwa haushonwi siku ile ile. Unaning'inizwa ukauke, unabanwa kwa vidole kurudi nyuma, ndipo unashonwa.

Kuunga mwaa mpya: ulaze juu ya wa zamani, upite pamoja mikatizo mitatu au minne, ncha zitokee nyuma. Usizikate mpaka ukili ukauke. Usiunge miwili iliyo jirani kwa wakati mmoja. Hapo ndipo ukili hukatikia.

Kushona kunatumia shazia, sindano kubwa ya kushonea ukili, na uzi wa ukindu. Unakunja ukili kwenye urefu wa nusu ya mzunguko, hapa sentimita 45, kingo zikutane, hiyo ndiyo sakafu. Halafu unaendelea kuzungusha kwenda juu. Uzi unapita ndani ya vitanzi vya kingo mbili, hauonekani nje wala ndani. Ukiuona, umetoboa ukili badala ya kupita kwenye kitanzi, na tundu hilo litapanuka kikapu kikibeba viazi.

Rangi ilikuwa Alhamisi. Ya dukani ni unga: vijiko viwili vya chai kwa lita 5 za maji yanayochemka, chumvi konzi moja, ukindu nusu saa, suuza, anika kivulini. Tulichofuata sisi ni ya magome ya mwembe, na Ujiji haina upungufu wa miembe. Kilo moja ya magome makavu kwa lita 10, chemsha saa nzima, chuja, tia ukindu uive kwa moto mdogo saa nyingine. Inatoka njano yenye ukahawia. Ukitaka nyeusi, zika fungu hilo hilo kwenye tope jeusi la bondeni usiku kucha: chuma kilichomo topeni kinakutana na tanini, kemikali iliyomo kwenye magome. Mara ya kwanza hutoka kijivu. Rudia magome, rudia tope. Manjano ya jikoni nayo inashika vizuri sana, ila jua linaifuta upesi, kwa hiyo kwa kikapu cha sokoni haifai.

Magome yachukuliwe kwenye matawi yaliyopogolewa. Mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote unakufa.

*Kwa atakayefuata:* Ijumaa kina mama wa Ujiji hufunga kazi kabla ya saa tano kwa ajili ya swala, na Jumapili Kasulu hakuna kazi kwa ajili ya kanisa. Ukipanga vibaya utapoteza siku mbili. Siku hizo zinatosha kutembea Kibirizi kuona makuti ya michikichi yakisukwa mapakacha, kazi ya dakika kumi kwa anayejua, na pakacha halidumu wiki likishabeba samaki.

Jumamosi na Jumapili: Kasulu

Lami kupitia Kidahwe, safari fupi. Kasulu iko juu na asubuhi ni baridi, beba sweta. Gesti 20,000. Jumapili tulipumzika, mwenye gesti alituletea maharage ya mawese na ndizi za kuchemsha jikoni kwake bila kuombwa.

Jumatatu na Jumanne: kikapu cha nyasi

Hapa hakuna ukili. Kikapu ni fungu la nyasi linalozungushwa na kushonwa juu ya lenyewe, mzunguko kwa mzunguko. Ada 25,000 kwa siku.

Nyasi ni ndefu, nyembamba, zisizo na mafundo, zilizokatwa baada ya kutoa mbegu. Majani yanapukutishwa, linabaki bua tupu. Unene wa fungu ni milimita 7, na wanaupima kwa kipande cha sentimita 2 cha mrija wa kalamu: fungu linapita ndani ya mrija muda wote. Likianza kulegea, chomeka nyasi tatu au nne katikati ya fungu, kamwe si pembeni, zitachomoza. Mgeni anayedharau mrija hufika mzunguko wa sita na fungu limenenepa mara mbili bila yeye kujua.

Kianzio: chonga ncha ya fungu iwe nyembamba, ivilingishe mwaa wa milimita 3 kwa sentimita 4, ikunje iwe duara, shona kupitia katikati. Kuanzia hapo kila mshono unashika theluthi ya juu ya mzunguko uliotangulia. Tundu linatobolewa kwa msumari ulionolewa wenye mpini wa mti, kisha mwaa unafuata kabla tundu halijajifunga.

Sakafu ya kipenyo cha sentimita 20 ni mizunguko 14, fungu la mita nne na nusu, mishono kama 1,500. Si kazi ya mchana mmoja. Kwa siku mbili mgeni anamaliza sakafu na mizunguko michache ya ukuta, na ni vema kikundi kiambiwe mapema kwamba hutegemei kuondoka na kikapu kamili. Tulinunua viwili vilivyokamilika kwa 18,000 kila kimoja. Ukishashona sakafu moja, bei hiyo hutaibishania.

Sakafu ikianza kuinuka kama bakuli, unavuta fungu. Ikianza kuyumba kama ukingo wa kofia, unaliacha huru mno. Zote mbili zinarekebishika ndani ya mzunguko mmoja; baada ya mitatu, fumua. Kupandisha ukuta ni kuliweka fungu juu ya mzunguko wa mwisho badala ya kando yake, basi.

Miyaa ya kushonea ilikuwa ya aina tatu: ukindu, nyuzi za mgomba na nyuzi zilizofumuliwa kwenye viroba. Viroba vina rangi kali, havihitaji kuloweshwa, na vijana wanavipenda. Kwa kujifunzia hatuvishauri. Uzi wa kiroba unateleza, haushiki nyasi, kwa hiyo mkono unajifunza kuvuta kupita kiasi, na jua likiupiga mwaka mmoja unakuwa unga. Mgomba ni laini na unasamehe makosa. Anza na huo.

Jirani mzee mmoja alikuwa akisuka ungo wa mianzi, tukamtazama tu. Mianzi yake ni ya miaka mitatu. Michanga hunywea na huingiwa na vidudu vinavyotoboa na kuacha unga. Fito za upana wa milimita 4, na pete mbili za fimbo zinazobana ukingo. Hakutaka malipo. Alipokea sukari.

Jumatano: kurudi

Tulipanda basi la Kibondo na Kakonko kuelekea Kahama. Kondakta alidai 5,000 kwa furushi la vikapu, tukaelewana 3,000. Vikapu vya ukili vinaingizwa kimoja ndani ya kingine midomo chini. Cha nyasi kinajazwa nguo ndani kisibonyee, na kinakaa nawe kwenye kiti, si kwenye buti. Usifunge chochote kwa karatasi ya nailoni. Ukifika nyumbani fungua furushi usiku huo huo, viache kivulini penye upepo siku mbili, maana madoa meusi ya ukungu yakishaingia kwenye ukindu hayatoki kwa kufua.